Mtani Aliyesema Pole

Asubuhi za Desemba Leokadia Kasmir huamka kwanza; vidole vyake huamka baadaye. Hulala chali akisikiliza mabomba ya maji yakinguruma ukutani na milango ya majirani ikiburutwa, huku akivisubiri vidole kama mama anayesubiri watoto wavivu wajiandae kwenda shule. Kidole gumba hujibu mwanzo. Kisha cha shahada. Vile vitatu vilivyobaki hujifanya havijasikia.

Baridi ya Guangzhou haina theluji, na watu wa kaskazini mwa China huidharau mpaka siku wanapokuja kuionja. Ni baridi yenye maji ndani yake. Huingia nyumbani na kukaa kwenye shuka, kwenye vigae vya sakafu, kwenye soksi zilizoanikwa tangu Jumapili, na kwa kuwa nyumba nyingi za huku hazina mitambo ya joto, mtu aweza kutoka nje ili apate ahueni ya baridi ya ndani. Leokadia alizaliwa Rombo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako watoto huchota maji alfajiri wakitoa mvuke mdomoni. Alidhani yeye na baridi ni watu wa nyumba moja. Hii ya huku haikumtambua.

Ugonjwa wake, baridi yabisi ya viungo, ulianza majira ya baridi ya mwaka juzi. Daktari hakumdanganya: dawa zitautuliza, hazitautoa. Leokadia akatoka hospitali na mfuko wa vidonge na mpangaji asiyehama.

Na kama mpangaji hahami, basi utaishi naye. Leokadia aliamua kuishi naye vizuri. Jirani yake, Bibi Ho, ajuza wa Kikantoni asiyejua Kiswahili hata neno, alimfundisha kukaanga chumvi ya mawe kavukavu pamoja na mbegu chungu za dawa, kuifunga kwenye kitambaa na kuikumbatia kwa viganja viwili mpaka mifupa ianze kulegea. Nyumbani wangeita kukanda. Njiani kwenda kazini yuko muuza viazi vitamu anayevichoma ndani ya pipa. Leokadia hununua kimoja, hukitia mfukoni mwa koti na kutembea nacho kama mtu aliyeshikwa mkono na mpenzi. Hukila mwisho kabisa, kikishapoa na kuwa kiazi tu. Na iko saa nne, jua linapopenya kati ya majengo mawili na kuangukia kipande cha ukuta mbele ya soko. Wazee wa mtaa huleta vigoda vyao hapo. Wamemzoea. Mmoja hujisogeza bila kugeuza kichwa, akamwachia nafasi yake ya mwanga.

Kwa hiyo mtu asimwone Leokadia kuwa ni mtu wa huzuni. Huzuni aliyokuwa nayo Desemba ile ilitoka kwingine kabisa. Ilitoka kwa Mpare mmoja aitwaye Eliudi.

Leokadia ni wakala. Wafanyabiashara wakija kutoka Dar, Arusha au Mwanza kununua nguo, yeye huwapokea, huwazungusha kwenye majengo ya biashara ya jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, huwasemea na kuwakagulia mzigo. Tangu vidole vipoteze wepesi wake, hupima kitambaa kwa shavu. Wauzaji walimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili baadhi yao walianza kujaribu na mashavu yao wenyewe. Mzigo ukishanunuliwa hupelekwa Liuhua, kwenye ghala la Eliudi, ambako vijana hufunga marobota na kuyapanga kwa ajili ya kontena.

Eliudi ni mtu wa Usangi, mnene wa mabega, mwembamba wa maneno ya upole. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi za mababu, na utani si mzaha wa kupita, ni haki. Mtani hukutukana mbele ya wageni nawe huruhusiwi kununa. Hunyakua kitu chako na hakirudishi mpaka ukikomboe. Huja msibani kwako kufanya vituko ili wafiwa wakumbuke kwamba bado wana meno. Kwa miaka yote ambayo Leokadia amefanya kazi Guangzhou, hakuwahi kuingia ghala lile bila kupokelewa kwa shambulio, kama hili la Desemba iliyotangulia:

"Mchaga, Desemba hii wenzako wote wamerudi kwao, wewe uko mjini? Kijijini wamekufukuza, au nauli imekuuma?"

"Nimebaki nikulinde wewe, Mpare. Naambiwa umenunua chai, na kila asubuhi unaitazama tu ili isiishe."

"Ondoka hapa kabla sijakushtaki."

"Nishtaki. Si ndiyo kazi yenu? Mtu anauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku!"

Vijana wa marobota walikuwa wakisimamisha kazi ili wasikilize. Na mkewe Eliudi, Judica, alikuwa akichungulia kutoka ofisini na kutoa hukumu ya nani kashinda.

Kisha ikaja siku ya kifuniko cha chupa. Ilikuwa Novemba, viungo vya Leokadia vimevimba, naye akashindwa kufungua chupa ya maji mbele ya Eliudi. Alijaribu kwa mkono wa kulia, wa kushoto, akajaribu kwa meno. Eliudi akamsogelea. Akaichukua chupa, akaifungua, akaleta kiti, akakifuta vumbi kwa kiwiko.

"Pole sana, dada Leokadia," akasema. "Keti upumzike."

Dada Leokadia! Tangu wajuane hakuwa amemwita hivyo. Tangu siku ile, kila alipofika ghalani, kiti kilikuwa kinamsubiri, na pole, na maji ya moto. Eliudi alimsemesha kwa sauti ile watu wanayoitumia wodini. Vijana wakaiga. Hata Judica akaanza kumshika bega.

Ipo huruma inayompasha mtu joto, na ipo inayomfunika kama shuka lililovutwa hadi usoni. Leokadia alikaa kwenye kile kiti akajiona anasafirishwa taratibu, akiwa macho, kwenda upande wa marehemu, ambako watu husemwa vizuri tu.

Wiki moja kabla ya Krismasi Judica akapiga simu. Sikukuu ile kwa Wachina ni siku ya kazi, lakini Eliudi hufunga ghala mchana wake, na Watanzania walio karibu, Wakristo na Waislamu, hukusanyika kula. Chungu cha mtori kilikuwa cha Leokadia kila mwaka. Ndizi mbichi, nyama ya mifupa, kitunguu, kuponda mpaka kijiko kisimame chenyewe. Hakuna mwingine aliyewahi kuigusa kazi ile.

"Dada," Judica akaanza, na Leokadia akajua hapohapo. "Mwaka huu tumeona upumzike. Baba Elinami anasema kumenya ndizi kutakuumiza." Ndivyo anavyomwita Eliudi, kwa jina la mtoto wao.

"Na mtori?"

"Atapika Nahla."

"Nahla wa Zanzibar? Yule mwanafunzi?"

"Ameangalia mtandaoni namna ya kupika. Anasema ataweka iliki kidogo."

Leokadia aliiweka simu kitandani kwa uangalifu, kana kwamba nayo ilikuwa inaumwa. Iliki. Akaketi na furushi lake la chumvi mapajani, na kwa mara ya kwanza majira yale hakulisikia joto lake.

Kesho yake saa nne alikuwa ukutani kwenye jua pamoja na Maulida, mteja wake kutoka Tanga, mwanamke mwenye maneno mengi kuliko mizigo, aliyekuwa amekuja kutafuta madera ya Ramadhani. Leokadia alimsimulia yote. Alitarajia pole, na alikuwa tayari kuichukia.

"Siku alipokuletea kiti," Maulida akauliza, huku akimenya chungwa, "wewe ulimjibuje?"

"Nilimwambia ahsante."

Maulida aliacha kumenya. "Ulimwambia nini?"

"Ahsante."

"Ukakaa?"

"Nikakaa."

"Ala! Basi unamlaumia nini mtoto wa watu? Mtani anakupa pole, unaipokea, unashukuru, unakaa! Ulitaka afanye nini? Sisi Tanga mtani akikwambia pole unamuuliza nani kafa kwao. Wewe ndiye uliyetangaza msiba, shoga yangu, yeye kavaa nguo nyeusi tu."

Mzee mmoja wa Kikantoni aligeuka kuangalia ni nini kinachochekwa, maana Leokadia alikuwa ameanza kucheka, kicheko chenye aibu ndani yake. Alikuwa amebeba kinyongo cha mwezi mzima bila kukikagua, yeye anayekagua mishono ya watu. Utani una milango miwili, na wa kwake alikuwa ameufunga kwa adabu.

"Sasa nifanyeje? Nikamwombe anitukane?"

"Utani hauombwi," Maulida akasema, akampa nusu ya chungwa. "Unanyakuliwa. Ana nini huyo Mpare cha kunyakua?"

Leokadia alifikiri. "Ana ndizi. Judica amesema zinaletwa leo kutoka mashambani. Boksi zima."

Walifika ghalani saa nane. Kulikuwa na kelele za kawaida, mikokoteni ikigongana, dereva wa lori akigomba kwa Kichina na kijana anayemjibu kwa Kisambaa. Eliudi alipomwona Leokadia, sura yake ilijipanga upya, ikawa ya wodini.

"Dada Leokadia, pole na baridi. Mleteeni kiti."

"Nani kafa kwenu?" akauliza Leokadia.

Eliudi akakodoa macho. "Hapana, nasema pole na—"

"Naona pole nyingi, nikadhani kuna maiti. Ndizi ziko wapi?"

Boksi lilikuwa karibu na mlango wa ofisi, ndizi za kijani zimejaa hadi juu. Leokadia aliliendea kwa mwendo wa mtu mwenye amri ya mahakama, akatangaza kwa sauti ambayo hata dereva wa lori aliisikia: "Nazichukua! Mpare asipozikomboa, Krismasi hii mtakula iliki!" Akainama, akapitisha mikono chini ya boksi, akainua.

Boksi halikuinuka. Vidole viliteleza kwenye karatasi ngumu, vikakunjuka kimoja kimoja kama vya mtoto aliyesinzia na kitu mkononi. Akajaribu tena. Maumivu yakapanda hadi kwenye viwiko, akatoa mguno ambao hakuukusudia, na ghala zima likausikia.

Mikokoteni ikasimama. Vijana wakaangalia sakafu. Judica, mlangoni pa ofisi, alishika mdomo. Eliudi alikuwa tayari amepiga hatua, mikono mbele, na Leokadia aliliona lile neno likijikusanya midomoni mwake. Akajua kwamba likitoka mara hii, halitarudi tena. Atakuwa dada Leokadia mpaka mwisho wa siku zake, kwenye kiti safi, mbele ya maji ya moto.

Basi akageuka, akashika sketi, akakaa juu ya boksi.

"Mikono imekataa," akasema. "Makalio hayajaugua. Njoo unitoe."

Maulida alikuwa na akili ya kutosha kutosema kitu, jambo ambalo kwake si dogo. Eliudi alisimama na mikono yake hewani, hajui pa kuitia. Alimtazama Leokadia usoni, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chupa; siku zote hizo alikuwa akivitazama vidole vyake.

"Mchaga," akasema polepole, kama mtu anayejaribu ngazi mbovu.

"Naam."

"Unanikalia ndizi zangu."

"Ndiyo. Zinapata joto. Wewe hujawahi kuzipa."

Kona ya mdomo wa Eliudi ikacheza. Akarudi nyuma hatua moja, akakunja mikono kifuani, na mabega yake yakashuka kama yaliyotuliwa gunia.

"Mnamwona huyu?" akawageukia vijana wake. "Anatuambia anaumwa vidole. Uongo! Mimi nimeishi na Wachaga, nawajua. Hivyo vidole haviumwi. Vimegoma! Miaka yote vinahesabu noti asubuhi mpaka jioni, havijawahi kupewa hata likizo. Sasa vimeunda chama!"

Kijana mmoja alicheka, akaziba mdomo kwa hofu. Lakini Leokadia alikuwa amejiinamia, mabega yakitetemeka, na ilipita dakika nzima kabla watu hawajajua kwamba hakuwa analia. Alicheka mpaka machozi yakamwagika, mpaka mbavu zikaungana na viungo vingine kulalamika, na alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umelowa na mzuri.

"Chama," akasema akitafuta pumzi. "Na katibu wake Mpare, ndiyo maana haviachi kudai!"

"Vinadai haki!"

"Basi vilipe wewe, uone kama hutauza hata koti."

"Mchaga, ukifa hapa Guangzhou, jeneza sikununulii. Nitakukodishia."

"Na utalifuata kaburini kulichukua! Judica, umesikia? Umeolewa na mtu wa namna hii!"

"Nimesikia," Judica akasema, akijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Mchaga ameshinda. Lakini amesaidiwa na makalio."

Fidia ilijadiliwa palepale. Leokadia alikataa kila kitu alichopewa, akataka kimoja tu: chungu chake. Na kwa kuwa vidole vimegoma, Eliudi mwenyewe atakuwa kibarua wake, kumenya na kuponda, bila mshahara wala kesi. Nahla alipopigiwa simu kuarifiwa, alipiga kelele ya furaha iliyosikika ghala zima. Alikuwa hajalala siku mbili kwa kuuogopa mtori.

Siku ya Krismasi waliwasha jiko la gesi nyuma ya ghala. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka, yale mepesi yasiyomlowesha mtu ila humfikia mpaka kwenye uti wa mgongo. Ndani kulikuwa na mvuke, harufu ya nyama iliyotoka kwa mchinjaji Mwislamu ili kila mtu ale, na sauti ya Leokadia akitawala.

"Mpare, maganda hayo mbona mepesi hivyo? Unamenya au unanyoa?"

"Naokoa ndizi. Nyie mnatupa nusu, ndiyo maana mnatafuta hela usiku na mchana."

"Ponda. Usiguse kwa hofu, haikudai."

Nahla alikata vitunguu, na iliki yake ikapata kazi kwenye chai. Kuna wakati Leokadia alivuta kisu na ndizi moja, akaanza kuimenya mwenyewe. Kidole gumba kilisukuma, kikapumzika, kikasukuma. Utomvu ulimkaa kwenye kucha. Wakati ule Eliudi alimaliza shazi zima, na Maulida aliingia na kutoka na hadithi mbili. Hakuna aliyemnyang'anya kisu. Hakuna hata aliyenyamaza. Ndizi ile ilipotumbukia chunguni, imechubuka, ina makovu, ilikuwa ndizi kama nyingine, ikazama pamoja nazo.

Walikula wamekaa juu ya marobota, mabakuli mapajani. Mtori ulikuwa mzito, mweupe wa kijivu, wenye moto wa ndani. Leokadia alichukua kijiko chake, na hapo mchana wote ukaja kudai malipo. Vidole havikuweza kuukunjia ule mpini mwembamba wa bati. Kijiko kilianguka ndani ya bakuli. Akakiokota. Kikaanguka tena.

Eliudi, aliyekuwa anatafuna mfupa, aliuweka chini. Akakichukua kijiko, akakifuta kwa shati, akatoa mfukoni selotepu ya kahawia ya kufungia mizigo, akaanza kuuzungushia ule mpini, raundi juu ya raundi, akiibana kwa gumba kama anavyobana robota la kwenda mbali. Alipomaliza, mpini ulikuwa mnene kama mchi mdogo. Akampa. Ukatulia kwenye kiganja cha Leokadia, vidole vikausogelea, vikaushika.

"Hiyo ni selotepu ya bei mbaya," Eliudi akasema kwa sauti kubwa, ili wote wasikie. "Ukimaliza kula uibandue na unirudishie. Yote. Nimeipima."

Leokadia alipeleka kijiko mdomoni. Alifumba macho, mtori ukashuka, na joto lake likafika mahali ambapo furushi la chumvi halijawahi kufika.

"Chumvi imezidi," akasema. "Nani kaponda huu uchafu?"